Mtu wa Kupigana na Riziki

Mimi ni fundi cherehani, si mpiganaji, na tuelewane hapo kabla sijaendelea. Karate ninayoijua ni ya kushona: suruali pana magotini, koti la kufunga kwa kamba ubavuni, mshono wa kurudia kwapani maana ndipo panapochanika kwanza. Suti zote za klabu yetu ya Chikongola, hapa Mtwara mjini, nimezishona mimi Farida. Ndiyo maana walipokwenda kushindana Msumbiji walinibeba, wakasema nguo zikichanika ng'ambo nani atazishona. Nilikwenda kushona, nikarudi na mambo ambayo nikiyapanga kichwani hayapangiki.

Mwenye mambo yenyewe ni Riziki. Riziki ni mbanguaji wa korosho, amepanga chumba jirani na kibanda changu, na kila Ijumaa jioni hurudi kwa mama yake Mpapura. Mikono yake ina madoa meusi ya mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza, hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Ni mrefu, ni mnene, na mabega yake nikiyapima naomba Mungu tepu isiishe. Ana mkanda wa kahawia na anaufua kila wiki, jambo ambalo wenzake wanasema ni mwiko, eti ujuzi unatoka na maji. Yeye anawaambia kinachotoka ni jasho tu.

Shida yake ilikuwa moja. Hakuwa na mtu wa kupigana naye.

Wasichana wa klabu ni wepesi, wawili wao ndio yeye mmoja. Wavulana nao wakimpiga mwanamke ni aibu, wakipigwa na mwanamke ni aibu zaidi, kwa hiyo kila mmoja akipangiwa Riziki anakumbuka kidonda. Mustafa wa bodaboda, mwenye domo kuliko wote, alikubali siku moja mbele ya watu. Walipoinamiana tu kwa salamu, goti likaanza kumuuma. Aliondoka anachechemea mguu wa kulia, na getini nikamwona anachechemea wa kushoto.

Sensei Danieli, mwalimu wao, amewahi kumpeleka Riziki Dar es Salaam mashindanoni, si mara moja. Safari ya kwanza mpinzani hakutokea. Safari iliyofuata alitokea, akamwona Riziki kwenye mzani, akaugua tumbo palepale. Zote mbili mwamuzi alimnyanyua Riziki mkono, akavishwa medali hajatoka hata jasho. Aliporudi aliniletea zile medali kibandani, akaniambia nizishonee kwenye pindo la pazia la mlango wake ili lisipeperuke.

"Hizi ni za kutopigana," alisema. "Acha zifanye kazi nyingine."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipomtazama vizuri na mimi kicheko kikanikauka.

Kwao Mpapura, nyuma ya nyumba, kuna mkorosho aliouzungushia gunia. Kila akienda nyumbani, asubuhi anaupiga mateke, kulia na kushoto, mpaka majani yanadondoka. Mama yake, Bi Mwajuma, huwa yuko jikoni anapepeta unga, hasemi kitu, hata kichwa hageuzi. Mimi nilijua anachukia. Mwanamke wa Kimakua wa umri ule, mwenye swala tano, bintiye hana mume na anapigana na mti: asichukie ana nini?

Sasa siku moja Sensei Danieli akaja na habari. Sensei ni mlinzi kwenye mitambo ya gesi kule Madimba, na kwao ni Tukuyu, mbali kabisa, kumbuka hilo maana litatusumbua mbele. Alisema klabu ya Palma, ng'ambo ya Ruvuma, imetualika mwisho wa wiki, na mwalimu wao, Joaquim, ana mwanamke anaitwa Ermelinda, uzito wa Riziki, mkanda wa Riziki, na yeye pia amekosa mtu.

Riziki alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Akauweka chini.

"Atakuja kweli, Sensei?"

"Haji. Sisi ndio tunakwenda. Atakimbia kwake aende wapi?"

Akamwambia na la pili, kwamba mwakani yeye Riziki anafikisha arobaini, na hatampeleka tena kwenye mapambano ya watu wazima. Riziki akaitikia kwa kichwa. Jioni ile alinijia kibandani, akakaa kwenye kigoda, akaniambia: "Shoga, nataka mara moja tu. Anipige, nimpige. Hata nikishindwa, nishindwe na mtu." Nikamshonea suti mpya.

Tulivuka Jumamosi pale Kilambo. Tulisubiri maji yajae, tukavushwa kwa mashua ya mashine, Mustafa kashika medali yake ya zamani kama hirizi kwa kuogopa viboko. Ng'ambo tukapanda gari la Joaquim, na njiani tukasimamishwa na wanajeshi. Sehemu zile zimeona vita, watu wake wamekimbia wamerudi, kwa hiyo askari ana haki ya kuuliza. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza tumekuja kufanya nini. Mustafa, Mungu amsamehe, akajibu kwa sauti: "Tumekuja kupigana!"

Tukashushwa wote. Mikoba ikafunguliwa, suti zangu nyeupe zikatandikwa barabarani moja moja, na yule askari akazitazama akachoka. Sensei akaambiwa aoneshe. Mzee wa watu akapiga ngumi na mateke peke yake katikati ya barabara, na mbuzi wawili wakimwangalia, mpaka askari wakacheka wakaturuhusu. Nilizikung'uta suti vumbi nikimtukana Mustafa kimoyomoyo, na kwa mdomo pia.

Palma walitupokea vizuri mno, na uzuri huo ndio uliotuponza. Wanaume waligawanywa kulala kwa wanaume. Wanawake wa safari tulikuwa mimi na Riziki tu, na Joaquim, bila kufikiri mara mbili, akatupeleka kwa mwanamke aliyekuwa na nafasi. Mwanamke mwenyewe ni Ermelinda.

Ametoka nje anafuta mikono kwenye kanga, mrefu, mnene, mabega yaleyale. Walitazamana pale mlangoni kwa muda. Kisha wote wawili wakacheka kwa mpigo, na mimi nikawaza hawa kesho watauana, leo tunakula pamoja.

Tulikula sahani moja. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, wenyewe wanakiita matapa. Ermelinda anauza samaki wakavu sokoni. Kwao ni kusini huko, vita vilimtoa, akahama akahama mpaka akafika Palma, na karate alijifunza akiwa kambini kwa sababu, alisema, kukaa bure kulikuwa kunamla. Kiswahili chake ni kizito kidogo lakini kinafika. Walielewana haraka hawa wawili, nikawa mimi ndiye mgeni.

Ndipo Ermelinda akauliza swali ambalo Mmakua hamalizi chakula bila kumwuliza Mmakua mwenziwe: "Nihimo yako nani?"

Nihimo ni ukoo wa upande wa mama. Sisi Wamakonde tunao wa kwetu pia, lakini Wamakua wameushika zaidi. Mtu anaweza kuwa Mwislamu au Mkristo, wa Tanzania au wa Msumbiji, hajawahi kukuona toka azaliwe, ila nihimo ikiwa moja huyo ni ndugu yako wa tumbo, na heshima zote zinaanza hapohapo.

"Sisi Alapone," Riziki alijibu, tonge mkononi.

Ermelinda akaacha kutafuna.

"Mimi Alapone," alisema.

Nikasema kwa furaha, "Haya, ndugu mmekutana!" Hakuna aliyefurahi nami. Riziki alirudisha tonge sahanini polepole, akanawa mikono. Alipotoka nje nikamfuata, nikamkuta kasimama uani anatazama ukuta.

"Farida, siwezi kumpiga," alisema. "Huyu kwa umri ni dada yangu au mama yangu mdogo. Nikimnyanyulia mguu mama, nitapata radhi wapi?"

"Lakini umemjua leo!"

"Ndiyo. Na nimeshamjua."

Asubuhi ya Jumapili ukumbi wa mashindano ulijaa. Palikuwa na mkeka mwekundu, viti vya plastiki, wanakwaya waliopitia kutoka kanisani, watoto madirishani. Mapambano mengine yalikwenda vizuri tu, na Mustafa alipigwa na kijana wa kimo cha kiuno chake, jambo lililoniponya roho. Ilipofika zamu ya wanawake wazito, Riziki akasimama pembeni mwa mkeka hajavaa glavu. Ermelinda upande wa pili, naye hajavaa.

Sensei Danieli akaelezwa. Akaelezwa tena. Mnyakyusa wa watu uso ulimkunjamana.

"Ni ndugu yako kwa baba?"

"Hapana, Sensei."

"Kwa mama? Mama zenu wanajuana?"

"Hawajawahi kuonana."

"Sasa undugu umetoka wapi, Riziki? Jana usiku? Kwenye kisamvu?"

Joaquim, ambaye ni wa kulekule, alielewa mara moja na ndiye aliyeumia kuliko wote. Alishika kichwa, akasema kosa ni lake, angewalaza mbalimbali wasingeulizana. Mwamuzi, bwana mmoja mkavu anaitwa Osvaldo, akasema yeye haelewi ukoo, anaelewa saa. Asiyeingia mkekani ameshindwa, mwenzake anavishwa medali. Ermelinda akasema basi yeye ndiye haingii, Riziki avishwe.

Nilimwona Riziki alivyobadilika uso. Medali ya tatu ya pazia. Amevuka mto, amekaguliwa na askari, amelala nyumba moja na mtu aliyemtafuta ujana wake wote, halafu anyanyuliwe mkono hajaguswa. Aliziba mdomo kwa kiganja chake chenye madoa, machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Mimi nilitaka kulia, nikataka pia kumtikisa, na sikujua lipi lianze.

Mzee mmoja wa Kimakua kwenye viti vya nyuma ndiye aliyesaidia. Alisema ndugu wa nihimo hawapigani, kweli, na mama hapigwi, kweli kabisa. Lakini bibi na mjukuu je? Bibi na mjukuu ni watani. Wanatukanana, wanavutana, wanaangushana chini, na hakuna anayekosa radhi. Sasa hawa wamehesabu vizazi? Nani kasema ni mama na mwana? Ukoo hauangalii mvi, yeye mwenyewe ana bibi yake ananyonya. Ukumbi ukalipuka, kila mtu akahesabu kwa vidole vyake, na Sensei Danieli akaketi chini kwenye mkeka.

"Mkubwa wa kuhesabu ni nani?" Joaquim aliuliza.

"Mama yangu," Riziki alisema.

Akapigiwa Bi Mwajuma kwa simu ya Ermelinda, sauti ikafunguliwa tusikie wote. Kuku walisikika kwanza. Riziki akaeleza yote kwa pumzi moja: pambano, nihimo, mwamuzi mwenye saa, medali.

"Huyo mama yake anaitwa nani?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Ines," Ermelinda akajibu mwenyewe, kainamia simu. "Ines mfinyanzi wa vyungu. Marehemu sasa."

Simu ikanyamaza. Nikadhani imekata. Kuku waliendelea kulia, kwa hiyo ilikuwa haijakata.

"Riziki," Bi Mwajuma alisema hatimaye. "Huyo ni bibi yako."

"Bibi? Mama, una hakika?"

"Unanifundisha ukoo wangu? Nimesema ni bibi yako. Mpige. Naye akupige. Mimi nina unga juani." Akakata.

Watu walishangilia kama bao limefungwa. Mimi nilikuwa namtazama Ermelinda. Hakushangilia. Aliitazama ile simu, akaifuta kwa upindo wa koti lake, akaiweka kwenye kiti taratibu. Kisha akanyanyua uso, akampigia Riziki kelele kutoka upande wa pili wa mkeka: "Haya njoo, mke mwenzangu! Umekaa na mume wangu siku zote hizo, leo utanitambua!"

Maana bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, kila mtu anajua. Osvaldo alikuwa hajui. Alimpa Ermelinda onyo kwa kuongea mkekani. Ukumbi ukamzomea, mzee wa nyuma akamweleza, akaondoa onyo. Riziki akamjibu bibi yake kwamba mume mwenyewe kibogoyo, amchukue tu. Osvaldo akatoa onyo lingine, akaliondoa, mwishowe akatia mikono mfukoni akawaacha.

Walianza. Mwanzoni Riziki aliganda. Mikono juu, miguu imeota mizizi, na Ermelinda akamtwanga kifuani mara ya kwanza, mlio ukafika dirishani. Akamtwanga tena. "Kumbe mke mwenzangu kaja kupepewa!" alisema. Nilimwona Riziki anashuka macho kujitazama kifuani pale alipopigwa, kisha akatabasamu. Sijawahi kumwona na tabasamu lile. Mtu amepigwa ngumi na anatabasamu kama aliyeletewa chai kitandani.

Basi akafunguka. Sijui majina ya vile walivyofanya, mimi nilikuwa naangalia mishono. Lakini najua walipigana kwelikweli, kwa haki na kwa nguvu, wakitukanana wake wenza bila kupumua, watu wakicheka mpaka wanashikana mabega. Kisha mwishoni, Osvaldo keshaanza kutazama saa yake, mguu wa kulia wa Riziki ukanyanyuka. Ule uliokuwa ukipiga mkorosho. Ulizunguka juu, suruali yangu ikapepea, ukatua pembeni mwa kichwa cha Ermelinda, na Ermelinda akaenda chini mzimamzima.

Ermelinda akakaa kitako, akajishika sikio, akasema, "Mke mwenzangu kaniua, msitiri maiti." Akanyanyuka akamkumbatia Riziki, na wote wawili wakalia kwa sauti, na mimi nikalia, na Sensei Danieli akauliza sasa wanalia nini.

Medali ile Riziki hakuileta kibandani kwangu. Aliivaa shingoni kuvuka mto, akaivaa kazini, akabangua nayo korosho mpaka utepe ukashika madoa.

Korosho zilipoanza kuanguka, nilikwenda naye Mpapura kumsaidia Bi Mwajuma kuokota. Tulikuwa uani, Riziki anateka maji, mara hodi mlangoni. Ermelinda. Kavuka mto, ana kuku kwapani na samaki wakavu kwenye kapu. Nikamwita kwa shangwe, "Bibi wa Palma!" Nikamtania kwamba mume hayupo, karibu tu.

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Bi Mwajuma, na Bi Mwajuma keshaacha ungo. Ermelinda akaweka kuku chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akasema:

"Dada. Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," Bi Mwajuma akasema. "Mtoto wa mama mdogo Ines. Inuka."

Ndoo ilimponyoka Riziki. Mimi ni mzito wa ukoo lakini hata mimi nilihesabu: angekuwa bibi, Bi Mwajuma angemwita mama. Kamwita mdogo wangu. Ines na bibi yake Riziki walikuwa mtu na mdogo wake, tumbo moja, mmoja akabaki ng'ambo, mwenzake akavuka huku. Basi Ermelinda si bibi. Ni mama mdogo. Ni mama.

"Mama," Riziki alisema, miguu imelowa. "Ulijua?"

"Nilijua aliposema Ines."

"Umenifanya nimpige mama yangu teke la kichwa."

"Ndiyo."

Nilitamani ardhi inimeze, na mimi sikuwa hata na kosa. Bi Mwajuma alijifunga kanga upya, akawa anaongea huku kampa mwanawe mgongo, anaelekea kule nyuma ulipo mkorosho.

"Njoo uone huu mti. Umekauka upande mmoja. Korosho hazitoki tena huku. Miaka nakusikia asubuhi, pu, pu, pu, mimi niko jikoni napepeta, na kila ukipiga nasema moyoni, haujibu. Mwanangu anapigana na kitu kisichojibu. Kisha unanipigia simu unalia mbele za watu, unasema amepatikana mtu, na mimi nikuambie hapana?" Hapo akageuka. "Nilichoka, Riziki. Ukoo nitaujibu mwenyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilidhani mama huyu anachukia mateke, kumbe alikuwa anayahesabu.

"Na wewe?" Riziki alimwuliza Ermelinda. "Ulijua?"

"Marehemu alinihesabia ukoo vizuri. Nilijua dada anasema uongo." Ermelinda aliokota kuku wake akamfuta vumbi. "Lakini mkubwa keshasema, mdogo atasema nini? Halafu, mwanangu, mimi pia nilikuwa sina mtu."

Bi Mwajuma akaingia ndani akatoka na unga wa mtama kwenye bakuli. Akauliza mguu uliopiga ni upi. Riziki akakaa kwenye kigoda akanyoosha wa kulia, mkubwa, wenye kovu la gome la mti. Wale wanawake wawili wakaunyunyizia unga kuanzia gotini hadi vidoleni, wakiita majina ya kina mama waliokufa wausamehe. Mmoja alianza kwa bismillahi, mwingine akamaliza kwa ishara ya msalaba, wala hakuna aliyemshangaa mwenziwe. Riziki alilia muda wote. Na mimi nikafahamu kitu ambacho yeye nadhani alikifahamu mapema zaidi: ukweli ukishatoka, yeye na Ermelinda hawatapigana tena. Ile ilikuwa mara moja, na ndiyo aliyoomba.

Usiku nililala nikiwa nimechanganyikiwa. Nikasema uongo ni mbaya, nikasema mama amefanya vizuri, nikasema haya mawili hayakai nyumba moja, nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi niliamshwa na ule mlio. Pu. Pu. Nikajua amerudi kwenye mti wake, roho ikaniuma. Nikatoka kumtazama.

Mkorosho ulikuwa uchi, gunia limefunguliwa. Ermelinda alikuwa amelikunja mara kadhaa, kalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kasimama kajikaza. Riziki yuko mbele yake, ameshusha mguu, anasita.

"Piga, mwanangu," Ermelinda alimwambia. "Gunia halina nihimo."

Jikoni sauti ya ungo ilikuwa imenyamaza. Bi Mwajuma alikuwa mlangoni, safari hii amegeuza kichwa, anatazama. Riziki akanyanyua mguu, unga ungali kati ya vidole, akapiga.